Maelezo ya zana: wakala wa akili mnemba anasoma nini kabla ya kutenda

Wakala wa akili mnemba ni programu inayotumia modeli ya lugha kutenda kazi, haiishii kujibu maswali: hutafuta basi, hukata tiketi, hulipa bili. Modeli peke yake huzalisha maandishi tu. Ili itende, hupewa zana, yaani vipande vya programu ambavyo inaweza kuomba viendeshwe. Maelezo ya zana ni maandishi yanayoieleza modeli kila zana inafanya nini, itumike wakati gani, na inahitaji taarifa zipi.

Kwa kawaida zana huwa na jina, maelezo na orodha ya vigezo, yaani nafasi za taarifa ambazo modeli huzijaza, mara nyingi katika JSON, muundo wa kupanga data kwa maandishi. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, iliwafungulia watengeneza programu njia hii Juni 2023. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa MCP (Model Context Protocol), itifaki ya wazi, yaani kanuni za mawasiliano, ya kuunganisha modeli na zana na data. Siku hizi zana uliyoiandika wewe inaweza kutumiwa na wakala wa mtu usiyemjua kabisa, na jambo ambalo watengenezaji wengi hulisahau ni kwamba wakala huyo haoni msimbo wako. Anachokiona ni yale maelezo.

Tuseme una zana inayoitwa kata_tiketi, na maelezo yake ni “Inakata tiketi ya basi.” Ina kigezo kimoja cha muda, nacho kinaitwa saa. Abiria anaandika: “Nikatie ya kwenda Moro kesho saa 2 asubuhi.” Sisi tunajua hiyo ni 08:00. Mfumo wa kampuni unahesabu kwa saa 24, na hakuna mahali maelezo yalipoitaja tofauti hiyo. Modeli ikijaza 02:00, abiria atakosa basi lake au ataambiwa hakuna safari, ilhali mabasi yapo tele.

Sasa tuandike upya. Kigezo kiitwe muda_wa_kuondoka, na maelezo yake yawe: “Muda kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, kwa mfano 08:00. Abiria akisema saa 2 asubuhi, andika 08:00. Akisema saa 2 usiku, andika 20:00. Asipotaja asubuhi wala usiku, muulize kwanza.” Maneno yameongezeka, lakini kila neno lina kazi. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inampa wakala ruhusa ya kutobahatisha.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. 04/03/2026 kwetu ni Machi 4, kwa Mmarekani ni Aprili 3, kwa hiyo taja wazi kwamba unataka 2026-03-04. Namba za simu watu huziandika kwa kuanza na 07, ilhali Daraja, mfumo unaounganisha programu na M-Pesa ya Kenya, hutaka zianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Na ukiandika “kiasi kwa shilingi” hujasema kitu: shilingi 5,000 za Kenya na 5,000 za Tanzania ni fedha mbili zilizopishana mno. Andika KES au TZS.

Maelezo mazuri husema pia zana isitumike lini. Palipo na tafuta_basi na kata_tiketi, ya pili ionye: “Zana hii hukata pesa. Usiitumie kabla abiria hajaiona nauli na kuikubali. Kwa kuulizia ratiba tu, tumia tafuta_basi.” Eleza na kinachorudi: namba ya tiketi, namba ya siti, nauli iliyolipwa. Hata ujumbe wa kosa ni sehemu ya mazungumzo haya. “Kosa 400” halimsaidii wakala kurekebisha lolote. “Tarehe imeshapita, weka ya leo au ya mbele” linamsaidia.

Ni kweli maelezo hutumwa kwa modeli pamoja na ombi, na kila tokeni, yaani kipande cha neno ambacho modeli husoma, ina gharama. Ukitaka kupunguza, punguza idadi ya zana, hasa zile zinazofanana hadi wewe mwenyewe unasita uchague ipi. Kubana maneno kwenye zana inayogusa pesa za mtu ni kubana pasipofaa.

Kuhusu lugha, modeli kubwa husoma maelezo ya Kiswahili na ya Kiingereza pia. Vyovyote utakavyochagua, weka ndani maneno ya wateja wenyewe. Kwenye kigezo cha mji, andika kwamba Moro ni Morogoro na Chuga ni Arusha, kwa sababu abiria hatayaandika majina hayo kama yalivyo kwenye hifadhidata yako.