Muhuri wa wizara hausemi cheti chako ni cha kweli

Ukitaka cheti chako cha Tanzania kikubalike nje ya nchi, utaambiwa mengi.

"Wakili akishagonga muhuri, yamekwisha."

Hayajaanza. Wakili anashuhudia tu kwamba nakala yako inafanana na cheti halisi alichokiona. Afisa wa Muscat, kule Oman, hamjui wakili wako wa Kariakoo. Ndiyo maana karatasi hupanda ngazi: aliyekitoa cheti anakihakiki (RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, kwa cha kuzaliwa; NECTA, baraza la mitihani, kwa cha kidato cha nne), Wizara ya Mambo ya Nje inaitambua saini yake, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda unaitambua ya wizara. Aliyezaliwa Zanzibar anaanzia kwa wakala wa usajili wa kule kule.

"Wizara imegonga, basi yaliyomo ni sahihi."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kila muhuri unamdhamini aliyetangulia kusaini, basi. Cheti kikisema Mwanaidi na pasipoti ikisema Mwanahidi, mihuri mitano haiiondoi hiyo "h". Shughulikia jina kwanza, na waulize wanaokipokea kama hati ya kiapo itawatosha, ndipo upange foleni.

"Omba apostili, ni siku moja tu."

Apostili ni cheti kimoja kinachochukua nafasi ya mihuri ya wizara na ubalozi, chini ya Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Inafaa pale tu nchi zote mbili zimo na hakuna iliyompinga mwenzake. Oman imo tangu 2012, Burundi tangu 2015, Rwanda tangu Juni 2024. Tanzania, hadi mwisho wa 2024, haikuwamo. Kabla hujamlipa dalali, tazama orodha ya wanachama. Na hata apostili yenyewe inazungumzia saini na muhuri tu.

"Binamu yangu anajua Kijerumani, atanitafsiria."

Hukumu ya talaka ya Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, na tafsiri ya binamu haina mdhamini. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutafsiri na kuithibitisha tafsiri; balozi nyingine hutaka mtafsiri wao aliyeapishwa.

"Cheti kilaminishwe, kisichakae."

Hakitachakaa, ila wino wa muhuri haushiki kwenye plastiki. Nilimwona mama mmoja kaunta akiibandua kwa kucha plastiki ya cheti cha mwanawe, taratibu, kama anayemenya yai. Ilitoka na nusu ya saini ya msajili. Akakunja vipande vyote viwili, akauliza gari la kurudi Morogoro linaondoka saa ngapi.