Malkia wa nyuki hana jeni za kifalme

Tulikuwa tunarina asali Kibosho, juu ya mji wa Moshi, jirani yangu aliponionyesha malkia: "Huyu kazaliwa na damu yake." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na inaniuma kwa sababu inaficha jambo zuri zaidi.

Malkia na vibarua wake hutoka katika mayai ya aina moja. Yai lililotoa malkia lingeweza kutoa kibarua. Kinachowatenga ni chakula. Mabuu wote huanza na ute mweupe wa nyuki walezi, kisha baada ya siku tatu hivi vibarua watarajiwa huchanganyiwa asali na chavua, huku malkia mtarajiwa akiendelea na ute ule ule. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizuia kimeng'enya kinachobandika methili kwenye DNA ya mabuu. Mengi ya mabuu hayo yakakua na ovari za malkia, kana kwamba yamelishwa ute wa malkia.

Methili ni kipande kidogo mno: kaboni moja, haidrojeni tatu. Kwa binadamu, ikibandikwa mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza, na hakuna herufi ya DNA iliyoguswa. Kuna na njia nyingine. Uzi wa DNA, karibu mita 2 katika kila seli, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ukikazwa, jeni za hapo hazisomeki, ukilegezwa, zinasomeka.

Wapo pia wanaosema ini lina jeni za ini na ubongo za ubongo. Sivyo. Karibu kila seli yenye kiini inazo zote, takriban 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini imezifunga tu zisizo za kazi yake. Na kufuli hilo si la milele: mwaka 2006 mtafiti wa Japani, Shinya Yamanaka, alitumia jeni 4 kuzirudisha seli za kawaida za panya katika hali inayofanana na ya kiinitete.

Dai la mwisho lisilo sahihi linanigusa zaidi, kwamba taabu za bibi huandikwa moja kwa moja kwa mjukuu. Kwa binadamu, alama nyingi kama hizo za methili hufutwa mimba inapotungwa. Ushahidi mzito ni wa mtoto mwenyewe akiwa tumboni: Waholanzi ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ya 1944–45 walikutwa, miaka 60 baadaye, na methili pungufu kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wa tumbo moja.