Ukiitembelea shule ya sekondari, ulizia kidato cha kwanza

Kuanzia Agosti mpaka Januari ofisi ya taaluma, yaani inayosimamia masomo shuleni, haikosi wazazi. Wapo wanaokuja na mtoto akiwa bado na sare ya shule ya msingi, wapo wanaokuja peke yao na bahasha ya ripoti. Swali la kwanza kwa karibu wote ni moja: "Mwalimu, mwaka jana mlitoa divisheni wani ngapi?" Nalijibu, maana anayelipa ada ana haki ya kujua. Kisha namwomba aulize na jingine: mtoto aliyekuwa dhaifu kuliko wenzake wote mlipompokea kidato cha kwanza Januari, sasa yuko wapi, na mmemfanyia nini? Baada ya miaka mingi ya kushika taaluma katika shule ya bweni, sijaona swali linaloifungua shule kama hilo.

Nianze na hizo divisheni, yaani madaraja ya ufaulu, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye mabango. Matokeo ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo 7 ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Ukijumlisha, pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Tazama basi upana wa hilo daraja la kwanza. Mtoto mwenye A saba ana pointi 7. Mwenye B nne na C tatu ana pointi 17. C yenyewe huanzia alama 45. Bango linawahesabu wote wawili sawasawa, ilhali siku ya kugombea nafasi za PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kidato cha tano watajikuta mbali sana.

Kama una simu yenye intaneti, unaweza kuisoma shule vizuri kabla hujapanda basi. Fungua tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, utafute matokeo ya shule unayoifikiria. Juu kabisa kuna jedwali dogo la madaraja, wasichana na wavulana kila kundi na mstari wake. Wengi huishia hapo. Wewe telemka, uzipite namba za watahiniwa, mpaka chini kabisa kwenye jedwali la masomo, ambako kila somo limeandikiwa waliosajiliwa, waliofanya na waliofaulu. Hapo ndipo shule inapojieleza. Tuseme waliofanya mtihani ni 90 na waliofanya Fizikia ni 31. Kuchagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu ni jambo la kawaida, lakini uliza nani aliyechagua. Kuna shule inakaa na mtoto na mzazi wake wakaamua pamoja, na kuna shule inayowaondoa watoto kwenye sayansi ili wastani usishuke. Kisha angalia Hisabati, ambayo hakuna wa kuikwepa. Katika matokeo ya 2023, kitaifa ni kama robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Shule ambayo zaidi ya nusu ya watoto wake wamefaulu somo hilo, mimi naiheshimu hata kama divisheni wani zake ni za kuhesabu kwa vidole.

Ukimaliza, chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo miaka miwili nyuma. Kama kidato cha pili walikuwa 120 na kidato cha nne wamefanya 74, wale 46 wamekwenda wapi? Wengine wamehama na wazazi, wengine wamerudia darasa, na hilo halina ubaya. Lakini kuna shule zimejiwekea wastani wao wa kuvukia darasa, na mtoto asiyeufikia anaambiwa atafute shule nyingine, au anapelekwa kusajiliwa kwenye kituo kingine cha mtihani ili asiharibu takwimu. Serikali imelikemea jambo hili na mimi naliona ni dhuluma. Mzazi amelipia miaka mitatu ya ada, halafu mtoto anafukuzwa kwa kosa la kutofundishwa akaelewa. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, nami nilifurahi, kwa sababu orodha ile ilikuwa inazisukuma baadhi ya shule kwenye mchezo huo.

Sasa kidato cha kwanza chenyewe.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya kawaida ya serikali amefundishwa miaka saba kwa Kiswahili. Januari anaingia sekondari, na ukiondoa Kiswahili na hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza kwa siku moja. Kwenye dawati la pili amekaa mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye anajibu kabla swali halijaisha. Mwezi mmoja tu wa hali hiyo unatosha kumfanya mtoto mwerevu aamini kuwa hana akili.

Februari huwa nakusanya kaunta buku za Biolojia. Nyingi zinapendeza: hati safi, vichwa vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, tahajia haina kosa, kwa sababu kila neno limenakiliwa ubaoni. Namwita mwenye daftari na kumwuliza kwa Kiswahili mmea unajipatiaje chakula. Anasimama na kunieleza mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, kabonidayoksaidi inayoingia kwenye jani, ukijani wa jani unafanya kazi gani, mpaka oksijeni inayotoka. Yote ameyapata shule ya msingi na ameyashika. Kisha nafungua daftari lake mwenyewe, naweka kidole kwenye sentensi aliyoiandika jana yake, namwomba aisome na anieleze. Anaisoma kwa kusuasua, anainamisha kichwa, ananyamaza. Sentensi ile inasema jambo lilelile alilotoka kunieleza dakika moja iliyopita. Hajui kuwa analijua.

Kwenye Hisabati ni hivyo hivyo. Mpe 3x + 5 = 20, anakupatia 5 bila wasiwasi. Iweke hesabu hiyohiyo kwenye sentensi ya Kiingereza kuhusu mtu aliyenunua madaftari matatu na kalamu ya shilingi fulani, anaacha nafasi wazi. Mwalimu asiyejali anaandika sifuri na kusonga mbele na mada. Mwalimu anayejali anajua amepata taarifa: hesabu ipo, kilichokosekana ni njia ya kuifikia.

Ndiyo maana nasema uliza kidato cha kwanza kinaanzaje. Kwetu wiki sita za mwanzo hatukimbilii mada za muhtasari wa somo. Tunafundisha Kiingereza cha kusomea: maneno ya maabara, maneno ya maswali ya mtihani, namna ya kusoma aya na kuitolea maelezo, namna ya kuuliza unapokwama. Mwalimu wa Fizikia na wa Jiografia nao wamo, kila mmoja na msamiati wa somo lake, na jambo hilo limeandikwa kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha, ili lisitegemee moyo wa mtu. Usiku kwenye prepo, yaani muda wa kujisomea, tunawakalisha wale wa mchepuo wa Kiingereza pamoja na wale wa Kiswahili, vikundi vya wanne, na kila mmoja ana cha kumpa mwenzake, maana wa mchepuo wa Kiingereza mara nyingi huanguka kwenye Kiswahili vibaya sana. Kufikia Juni tofauti haijaisha, ila wanaonyoosha mkono darasani wameongezeka. Hicho ndicho kipimo changu.

Kuna jambo moja naliomba mzazi alikatae waziwazi. Bado zipo shule ambazo mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni au anachapwa. Matokeo yake nimeyaona kwa watoto waliohamia kwetu kutoka huko: hawaongei Kiingereza wala Kiswahili, wanakaa kimya mchana kutwa. Hakuna lugha inayofunzwa kwa kumnyamazisha mwanafunzi.

Na ukiwa shuleni, usiridhike na maktaba na kompyuta utakazoonyeshwa. Omba daftari la mwanafunzi wa kawaida wa kidato cha kwanza, ulichague mwenyewe kwenye rundo. Tazama kama kuna kazi zilizosahihishwa, kama mwalimu ameandika neno zaidi ya alama ya vema, na kama mtoto amewahi kuandika sentensi yake mwenyewe. Dakika tano zinatosha.

Kuhusu bweni sitasema mengi. Mzazi ana macho. Nenda vyooni, fungua bomba, uliza maji yakikatika wanafanyaje. Uliza matroni analala wapi, na binti akipata hedhi saa nane usiku anamgongea nani. Kuhusu viboko, kanuni zinamtaka mkuu wa shule atoe adhabu mwenyewe au ampe mwalimu idhini kwa maandishi, visizidi 4, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari la adhabu. Omba kuliona daftari hilo. Kuhusu fedha, dai orodha kamili ya michango kabla ya kulipa chochote, tena kwa maandishi.

Naandika haya nikiwa mwalimu wa shule binafsi, lakini nitasema ukweli wangu. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kama shule ya kata iliyo karibu nawe ina walimu wa Hisabati na Fizikia, na mkuu wa shule anakujibu vizuri kuhusu kidato cha kwanza, mpeleke mtoto huko bila aibu. Atarudi jioni ale nawe na umkague madaftari. Usiuze kiwanja kwa sababu ya bango.

Wenye watoto wadogo, lipo jingine la kupangia mapema. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza darasa la tatu 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba nalo linamaliza. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Anayefikiria shule binafsi kwa mwaka huo aanze kuulizia mapema. Ulizia pia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, maana si kila shule inao, na kwa mtoto mwenye mkono wa ufundi au anayependa kilimo unaweza kumfaa kuliko huu wa jumla.

Na wewe mwanangu unayemaliza shule ya msingi, likizo yako kuanzia Septemba ni ndefu. Cheza, saidia nyumbani, lakini kila siku soma ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti, hadithi yoyote unayoipenda, na andika sentensi tatu zako kuhusu ulichosoma. Zikikosewa hazidhuru. Siku utakayokuja kutembelea shule, tafuta mwanafunzi wa kidato cha pili na umwulize Januari yake ilikuwaje. Wa kidato cha kwanza bado wanawakumbuka mama zao, na wa kidato cha nne wamesahau. Wa kidato cha pili atakwambia kila kitu.

Njooni siku ya kawaida ya masomo, Jumanne au Jumatano, si siku ya mahafali. Usaili wetu ni wa Hisabati, Kiingereza na Maarifa, na mtoto huruhusiwa kujibu Maarifa kwa Kiswahili. Karatasi tunazirudisha zikiwa zimesahihishwa. Zichukueni hata kama mtoto hakupata nafasi, na Januari mmpe mwalimu wa darasa wa shule atakayokwenda, ili ajue pa kuanzia naye.