Barua ya Ushindi wa Zabuni Bado Si Mkataba: Wanayoamini Makandarasi wa Miradi ya Usafiri Kenya

Miradi ya usafiri wa umma nchini Kenya, iwe reli ya kisasa kutoka Mombasa, njia za mabasi ya mwendo kasi Nairobi au stendi ya matatu katika mji wa kaunti, hubeba makandarasi wengi ambao majina yao hayaandikwi kwenye vibao. Kuna wa kuchimba mitaro, wa kuleta kokoto, wa kujenga vyoo vya stesheni. Kazi wanaijua. Kinachowaumiza ni mambo wanayoambiana saitini kuhusu sheria, hasa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015.

“Barua ya ushindi ninayo, kwa hivyo mkataba ninao.”

Hii ndiyo dhana inayofilisi watu wengi zaidi. Kifungu cha 135 cha sheria hiyo kinasema wazi kwamba hakuna mkataba hadi pande zote mbili zitie sahihi hati ya maandishi. Na sahihi hiyo haiwekwi siku unayopokea barua. Ni lazima zipite siku 14 kwanza, ili walioshindwa wapate nafasi ya kulalamika. Katika siku hizo ushindi wako unaweza kufutwa kabisa. Hata hivyo utakuta mtu ameshachukua mkopo, amekodi tingatinga na kuanza kusawazisha ardhi kwa sababu afisa fulani alimpigia simu akamwambia mradi una haraka.

Mahakama hazina huruma hapa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Royal Media Services dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC. Matangazo yalikuwa yamepeperushwa na huduma imetumika, lakini kampuni ilinyimwa malipo kwa kuwa utaratibu wa sheria ya ununuzi haukufuatwa. Ile ilikuwa kesi ya matangazo, ila kanuni yake humfika pia anayemwaga lami. Kwangu mimi huu ni ukali unaomwelemea asiye na nguvu, maana aliyesema “anza” mara nyingi ni ofisi ya umma yenyewe, nayo inabaki na kazi iliyokamilika. Lakini hivyo ndivyo sheria ilivyo leo, na anayeingiza mashine saitini bila hati yenye sahihi mbili anajenga kwa hatari yake mwenyewe.

“Mhandisi akisema niongeze kazi, nitalipwa tu.”

Mabadiliko ya mkataba yanahitaji maandishi na idhini ya wenye mamlaka ya kuyapitisha. Neno la mdomo la mhandisi halitoshi, hata kama ni mtu mwaminifu. Tena kuna mipaka: kiasi cha kazi ya ujenzi hakiwezi kuongezwa zaidi ya asilimia 20 ya kiasi cha awali, na mabadiliko yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupandisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Kazi ikivuka hapo, inatakiwa itangaziwe zabuni nyingine.

Bei nayo haipandi ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu mkataba kutiwa sahihi. Dizeli na chuma vikipanda mwezi wa tatu, hasara ni yako. Upigie hesabu mwaka huo mzima kabla ya kujaza bei ya zabuni.

“Wasiponilipa nitaenda mahakamani, kisha dalali akamate magari yao.”

Kwa mdaiwa wa kawaida, sawa. Kwa serikali, hapana. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali kinazuia kukamatwa kwa mali yake, na kinga hiyo inazifunika pia serikali za kaunti. Hukumu ikishatoka, unaomba cheti cha amri, yaani hati ya mahakama inayotaja kiasi unachotakiwa kulipwa, na kukikabidhi kwa ofisi husika. Wakikaa kimya, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi hiyo, alipe. Akiidharau, hapo ndipo anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama. Ni njia ndefu, na wapo waliouza nyumba wakiwa wameshikilia hukumu ya ushindi mkononi.

Kwa hiyo dai lako lilinde mapema. Wapo wanaodhani kudai riba ni uchokozi utakaowanyima kazi inayofuata. Kifungu cha 140 cha Sheria ya Ununuzi kinakupa riba kwa malipo yaliyochelewa, mkataba usiposema vinginevyo. Andika barua ya kuidai malipo yanapochelewa. Ikiwa mkataba wako unafuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yanayotumika sana kwenye miradi ya wafadhili, notisi ya dai la muda wa ziada au gharama inatakiwa ndani ya siku 28. Ardhi ya njia ikikosa kukabidhiwa kwa sababu ya mgogoro wa fidia, usingoje mgogoro uishe ndipo uandike.

“Mkandarasi mkuu asiponilipa, serikali itanilipa.”

Mkataba wako ni na mkandarasi mkuu. Serikali haikujui wewe, isipokuwa mikataba yenyewe imeweka utaratibu wa kukulipa moja kwa moja. Kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, zinamtaka mkandarasi wa kigeni ampe mwenyeji angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi, kwa ushirika au kwa mkataba mdogo. Hilo linakufungulia mlango tu. Malipo yanategemea ulichoandikiana naye, na wengi wanaoleta kokoto kwa lori hawajaandikiana chochote zaidi ya risiti za mizigo.

“Nikinyimwa zabuni kwa hila, nitawaandikia kwanza nione watajibu nini.”

Andika ukitaka, lakini siku zinahesabiwa. Tangu upewe taarifa ya matokeo, una siku 14 za kufika mbele ya Bodi ya kusikiliza malalamiko ya ununuzi, PPARB, nayo ina siku 21 kuamua. Usiporidhika, una siku 14 nyingine kwenda Mahakama Kuu.