Kiharusi si jini

Mtu mwenye VVU akiamka mdomo umekwenda upande, kikombe cha chai kinamponyoka mkononi, utasikia: “Kapigwa na jini.” Imani hii ya siku nyingi inatuumiza sana, maana saa za kwanza ndizo za kuuokoa ubongo.

Chanzo kiko kwenye mishipa ya damu. Kinga ya mwili ikipambana na VVU miaka nenda rudi, kuta za mishipa ya ubongo huathirika taratibu: hukakamaa, njia hubana, pengine hututumka. Damu ikiganda humo, au mshipa ukipasuka, ndicho kiharusi. Presha na sigara huzidisha. ARV hupunguza hatari, haziimalizi. Kwa hiyo siku ya kuchukua dawa, omba upimwe presha pia.