Maandishi kuzunguka picha: yapangwe vipi?

Kuzungusha maandishi ni kuyaacha yapite ubavuni mwa picha, badala ya kukoma juu yake na kuanza tena chini. Kwenye Word, picha ukiiweka hukaa ndani ya mstari kama herufi moja kubwa, na ubavu wake unabaki mweupe mpaka uchague aya iizunguke. Ukishachagua, linakuja swali la mpangilio: maandishi yaegemee kushoto, au yanyooke kushoto na kulia?

Hapa Moshi swali hili hukutana nalo sana kwenye kijitabu cha ibada ya mazishi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati, ukurasa una upana wa milimita 148. Toa pambizo ya 15 kila upande, zinabaki 118. Picha ya marehemu ikichukua 60, na 5 za kuitenga na maneno, wasifu umeachiwa milimita 53. Hapo mstari unaingia herufi 26 hivi.

Wateja wengi wanataka kingo zote mbili zinyooke, wakiona ndiyo heshima. Lakini maneno yetu ni marefu. "Marehemu aliwasomesha" ni herufi 21 pamoja na nafasi. "Wajukuu" haliingii tena, linashuka. Kompyuta inayavuta yale mawili hadi kingoni, na katikati linabaki pengo la karibu sentimita moja. Likijirudia mistari mitatu mfululizo, unaona ufa mweupe ukishuka katikati ya maisha ya mtu. Msomaji kanisani, macho yamejaa machozi, anasoma kwa kudonoadonoa.

Kwa hiyo egemeza kushoto. Ukingo wa kulia utapanda na kushuka, lakini nafasi kati ya maneno zitalingana, na hilo ndilo jicho linalolihitaji. Picha nayo iweke kulia. Ikiwa kushoto, mwanzo wa mistari unasogea ndani, kisha picha ikiisha unarudi nje, na msomaji anapotea hapo hapo.

Kuweka maandishi katikati kunafaa jina na tarehe chini ya picha, si aya nzima.

Picha pana, kama ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo familia nyingi hupenda kuiweka jaladani, usiizungushie maandishi kabisa. Hata ndani ya kijitabu, ubavu wa picha ukibakiza nafasi ya maneno mawili tu, shusha wasifu wote uanzie chini yake.