Redio ya ridhaa haina mwisho wa safari
Eti redio ya ridhaa, yaani burudani ya watu binafsi kuwasiliana kwa mitambo yao ya redio, ilizikwa na intaneti, na ukishaongea na mtu wa Japani umemaliza kila kitu. Sivyo. Orodha ya DXCC, ya sehemu za dunia ambazo wanaredio hujaribu kuwasiliana nazo, peke yake ina nchi na maeneo 340, na baadhi ni visiwa visivyo na wakazi, kama Bouvet kusini mwa Atlantiki, ambavyo husubiriwa miaka mingi hadi msafara wa wanaredio ufike. Jua nalo halitulii: madoa yake huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takribani miaka 11, na kwa kuwa hali ya Jua huathiri umbali ambao mawimbi ya redio hufika, masafa yaliyokuwa kimya huja kufunguka. Wapo wanaorusha mawimbi Mwezini na kusubiri sekunde 2.5 mwangwi urudi. Wengine (hawa nawaonea wivu) huwasiliana kwa mtambo wa wati 5 tu na waya uliotundikwa mwembeni.